Mti wa Ukoo, Ipole

Tulifika Ipole saa mbili, pikipiki tatu,
boksi la barafu limefungwa kwa mpira wa tairi,
na fomu za ridhaa, kurasa sita kila mtu,
ambazo Shija Mihambo alizipima kwa kiganja akasema:
"Damu mnataka tone, karatasi mnataka gunia."

Hawakuwa wamekula tangu jana, kama tulivyowaagiza.
Kumi na saba mikekani, wa tumbo moja na wa matumbo mengine,
na jirani amebandika viazi vya matobolwa,
mvuke unatutania sote.

Kazi yangu ni kuchora.
Mwanamume mraba, mwanamke duara.
Mwenye kisukari namjaza penseli mpaka anakuwa mweusi.
Aliyekufa nampitishia mstari wa mshazari,
mkono hautetemeki tena.

Babu yao: mraba.
Alikufa kwa nini? Kidonda cha mguu.
Kilianzaje? Jiwe.
Jiwe gani? Wakacheka. Jiwe, dada, jiwe tu.
Nikajaza mraba, nikapitisha mstari.
Aliacha mizinga arobaini na nane ya magome huko msituni,
ikagawanywa kwa wanaume.
Hili lingine halikungoja kikao cha ukoo.
Lilijigawa lenyewe, na wanawake wakapata.

Shija ni mwembamba kama ufito,
na sukari yake asubuhi hii, tumbo tupu, ni kumi na sita.
Nyamizi, dada yake, benchi zima ni lake:
nne nukta nane.
"Miaka yote mnaniimbia nipungue,
waganga wenu, mawifi zangu, hata fundi cherehani.
Iandike hiyo nne ionekane mpaka barabarani."
Daktari Komba hakucheka. Aliiandika, akaizungushia.
Ndiyo tuliyoifuata kwenye vumbi lote lile:
kwa nini mlango mmoja, nyumba moja,
huyu umemfungia na yule umemwachia wazi,
na komeo liko kwenye herufi gani
katika kitabu ambacho kila mmoja wao amekibeba
na hakuna aliyekifungua.

Lugha yetu nayo ina mzaha.
Sukari iliyomkata mama yangu mguu
tuliitilia ki, ikawa kisukari,
kama kijiko, kama kitoto kinacholilia uji.
Na nasaba, neno la kujipigia kifua harusini,
tukalitilia vi, likaenea ndani ya tone.
Fuata nyuki ule asali, tuliambiwa.
Hawakumalizia kwamba asali nayo hula.

Usiku, Kitete, mashine inazungusha mirija.
Damu nzito kuliko maji, sawa,
lakini izungushe dakika kumi itajitenga:
nyekundu chini, juu maji ya manjano,
rangi ileile ya asali aliyonifungashia Nyamizi
kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.
Nimeiweka dirishani. Sijaionja, sijaigawa.
Kwenye droo kuna ukurasa wa kwetu, Urambo,
nilioanza kuuchora nikaishia kwa mama.
Vidole vyangu ni hodari kuchoma vya wengine.

Kalunde ana miaka tisa. Alinisimamia begani asubuhi nzima.
"Mimi ni lipi?"
Nikamwonyesha.
"Mbona tupu?"
Hujapimwa.
"Na hili juu yangu?"
Mama yako.
"Mbona umempaka?"
Nikamwambia ni penseli tu, hufutika.
Akanitazama kama mtu aliyewahi kutumia kifutio.
Kisha akaichukua mkononi mwangu,
na ndani ya duara lake akachora macho mawili,
pua, na mdomo uliofunguka kidogo,
sijui unacheka au unauliza.

Daktari anataka ukurasa safi kabla ya Ijumaa,
maumbo matupu yawe matupu.
Leo Alhamisi.
Nimechonga penseli mara mbili.